Kolorimita, spektrofotomita au flurimita: uzoefu wangu

Vifaa hivi vitatu vya kupima sampuli kwa mwanga nimevitumia vyote, na kabla ya kumshauri mtu achukue kipi, humuuliza sampuli yake inaufanyia nini mwanga.

Kama ina rangi, kolorimita inatosha. Kichujio cha mwanga kiwe cha rangi inayofyonzwa, si ile unayoiona kwa macho. Pamanganeti ya potasiamu ni ya zambarau, lakini hupimwa kwa mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 525. Ukiweka kichujio cha zambarau, grafu yako ya viwango (inayolinganisha usomaji na kiasi cha dutu) italala. Kwa kufundishia na kupima maji, sioni haja ya kitu kikubwa zaidi.

Sampuli isiyo na rangi ndiyo inayodai spektrofotomita yenye taa ya urujuanimno. DNA hupimwa kwenye nanomita 260, protini 280. Wengi hukwama hapa na kuilaumu mashine, kumbe tatizo ni kyuveti, yaani kichupa cha kuwekea sampuli. Kioo na plastiki ya kawaida huziba mwanga wa chini ya nanomita 300, namba zikarukaruka ovyo. Chukua ya kwatsi, au ya plastiki iliyotengenezwa mahususi kwa urujuanimno. Ishike pande zenye ukungu na hakikisha haina viputo. Sifuri ya mashine iwekwe kwa bafa (kimiminika) ileile iliyoyeyusha sampuli, si maji matupu. Taa ipe dakika 20 hadi 30 itulie, la sivyo sifuri itahama katikati ya kazi.

Usomaji wa ufyonzaji (kipimo cha mwanga uliofyonzwa) unaozidi 1.5 siuamini. Ufyonzaji ukiwa 2, ni asilimia 1 tu ya mwanga inayofika kwenye kihisi, kwa hiyo mwanga kidogo unaovuja ndani ya mashine unatosha kupotosha jibu. Zimua sampuli mara 10, yaani ipunguze ukali kwa bafa, pima upya, kisha zidisha jibu kwa 10.

Flurimita husoma mwanga unaotolewa na sampuli yenyewe, kwa pembe ya nyuzi 90, hivyo kyuveti iwe angavu pande zote nne. Huona viasi vidogo ambavyo spektrofotomita haivioni kabisa, lakini mabaki ya sabuni nayo huweza kung'aa. Tena sampuli ikiwa nzito mno, usomaji hushuka. Izimue nusu kwa nusu. Namba ikipanda, ulikuwa umepitiliza.

Kupima wingi wa bakteria kwenye nanomita 600 ni jambo jingine: hapo mwanga hutawanywa zaidi kuliko kufyonzwa, na mashine mbili hutoa namba tofauti kwa chupa ileile. Kila mashine itengenezee grafu yake.