Grebeg ya Maulidi: Yogyakarta au Surakarta?

Ufalme wa Mataram uligawanywa mwaka 1755, na tangu hapo kisiwa cha Java, Indonesia, kina makasri mawili, la Yogyakarta na la Surakarta, yanayoadhimisha Maulidi ya Mtume kwa Grebeg, yaani sherehe ya gwaride la kifalme. Swali la wageni ni lile lile: niende wapi?

Kwa gwaride, Yogyakarta inaongoza. Vikosi vya askari wa kasri hupita na mikuki, ngoma na filimbi, kila kimoja na sare yake, wakisindikiza gunungan, yaani milima ya vyakula. Mlima uitwao wa kiume umesukwa kwa maharage marefu mabichi na pilipili nyekundu, umechongoka juu. Baadhi hupelekwa Msikiti Mkuu wa Kauman, mwingine Pakualaman, kasri dogo la mji huo. Ubaya wake ni msongamano. Ukichelewa utaona migongo ya watu tu.

Surakarta nayo, kwangu mimi, inashinda kwa siku zinazotangulia, ziitwazo Sekaten. Gamelan mbili kongwe, yaani seti za ala za muziki za kugonga, ziitwazo Guntur Madu na Guntur Sari, hupigwa kwa zamu katika uwanja wa Msikiti Mkuu. Akina mama huuza tambuu na mayai ya chumvi, na watu hutafuna tambuu huku wakisikiliza.

Gharama si hoja kubwa: miji iko umbali wa kilomita 60 hivi, na treni ya abiria ni nafuu. Mwenye siku moja na hamu ya gwaride aende Yogyakarta. Mwenye juma zima, au mzee asiyeweza kusukumana, aanzie Surakarta jioni za Sekaten.