Shoki za nyuma za pikapu: ipi ununue Mombasa

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha mgonjwa ni shoki kweli. Pikapu inayolala nyuma ikipakiwa saruji ina shida ya springi. Shoki haibebi mzigo, kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka. Shoki iliyokufa utaijua kwa mafuta yanayochuruzika, tairi kulika mabonde-mabonde, na nyuma kuhama njia ukipita penye mashimo. Unyevu mwembamba karibu na sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, usikutie hofu.

Tunazungumzia nyuma ya Hilux na D-Max, zenye springi za vyuma bapa. Hapo shoki imefungwa peke yake na unaweza kuibadilisha nyumbani. Ya mbele ikiwa imevishwa koili, yaani springi ya kujizungusha, kama kwenye Hilux ya Vigo, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kubania. Koili ikifyatuka inaua.

Ya kwanza ni shoki mpya ya gesi yenye mirija miwili, kama Excel-G ya KYB. Gesi huzuia mafuta yasifanye povu yakipata moto, na gari tupu halikurushi sana. Kwa wenye pikapu wengi hapa, inatosha. Ya wakala wa gari ni nzuri vilevile, ila sanduku lenye nembo hulipiwa.

Ya pili ni ya mrija mmoja, mfano Gas-a-Just, kwa anayepandisha mzigo Nairobi kila mara. Hupoa upesi kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje. Lakini pistoni hutembea ndani ya ukuta huohuo: jiwe likiubonyeza, shoki imekwisha.

Ya tatu ni ya mafuta matupu. Bei yake ni nafuu na safari fupi za mjini inaziweza. Kwenye barabara mbovu ndefu mafuta hutoa povu, nayo hulegea.

Ya mtumba usinunue. Hujui sili imebakisha nini, na kazi utairudia.

Dukani, linganisha namba iliyo mwilini na ya sandukuni. Pitisha ukucha kwenye rodi, chuma kinachoingia na kutoka: iwe laini kama kioo, maana kishimo kidogo tu kitakata sili. Shoki ya mirija miwili huwa imelala rafuni, kwa hiyo isimamishe, ibane na kuivuta mara nne au tano kabla ya kuihukumu. Baada ya hapo isiwe na mahali inapokwenda bure. Ya gesi ukiiachia hutoka yenyewe. Beba ile ya zamani upime urefu, hasa gari likiwa limeinuliwa. Nunua mbili, pamoja na bushi (mipira ya kwenye maungio) na nati mpya.

Chumvi ya bahari hushika bolti za chini, kwa hiyo zipulizie dawa ya kutu jioni ya kuamkia kazi. Zuia magurudumu ya mbele, weka stendi chini ya chesi, na jeki ishike ekseli isishuke ghafla. Usikate mkanda unaoibana shoki ya gesi kabla ya kufunga ncha yake ya juu.

Bolti zinazopita kwenye bushi zikaze kwanza kwa kiasi tu. Shusha gari likanyage chini, ndipo uzikaze kabisa. Ukizikaza gari likiwa limening'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota kila gari linapokaa chini, na utachanika mapema shoki ikiwa bado mpya.