Romantische Straße kwa Volkswagen Golf mpya: uzuri uko katikati ya njia

Romantische Straße, njia ya utalii ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1950, huanzia Würzburg kwenye mashamba ya mizabibu kando ya mto Main na kuishia Füssen, chini ya milima ya Alps, umbali wa takriban kilomita 460. Niliipita kwa Volkswagen Golf mpya yenye injini ya petroli ya lita 1.5 inayosaidiwa na umeme, na maoni yangu ni kwamba wasafiri wengi huongeza mwendo pale hasa panapostahili utulivu, kwa haraka ya kufika kwenye kasri la Neuschwanstein.

Golf ni gari lisilo na mbwembwe, na kwa safari ya namna hii hiyo ni sifa. Nje ya miji kikomo cha mwendo ni kilomita 100 kwa saa, nacho hushuka hadi 50 mara tu unapokipita kibao cha njano chenye jina la kijiji, kwa hiyo dereva hupunguza na kuongeza mwendo siku nzima. Ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, injini hujizima yenyewe na gari likaendelea kuserereka kimya kimya, kisha mfumo wa umeme wa volti 48 huiwasha tena bila mshtuko unaohisika. Toleo lililoboreshwa mwaka 2024 limerudisha vitufe vya kubonyeza kwenye usukani, na ninaupongeza uamuzi huo kwa dhati, kwa kuwa kidole hukipata kitufe bila macho kutoka barabarani. Mlio unaokuonya unapozidisha mwendo huenda ukawaudhi baadhi ya madereva, lakini mfumo wa kumwonya dereva anayezidisha mwendo ni matakwa ya sheria ya Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote tangu Julai 2024. Hata ukiuzima, mlio hurudi utakapowasha gari tena.

Rothenburg ob der Tauber ni mji mzuri kweli, ila mchana hufurika watalii, na ni afadhali kuuingia jioni mabasi yakishaondoka. Nördlingen ndiyo iliyonishika. Barabara hushuka kutoka kwenye vilima na kuingia katika bonde tambarare la mviringo lenye upana wa kilomita zipatazo 25, lililochimbwa na kimondo kilichoanguka miaka milioni 15 hivi iliyopita, na mji wenyewe umejengwa humo ndani, umezungukwa na ukuta wa kale ambao bado unaweza kuutembelea juu yake mzunguko mzima. Kanisa la Mtakatifu Georg limejengwa kwa mawe yaliyotokana na mgongano huo. Ukiyatazama kwa karibu utaona vipande vya kioo cheusi vilivyoganda ndani ya jiwe la kijivu, na humo mna almasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Wanaanga wa Apollo 14 waliletwa eneo hili mwaka 1970 kujifunza miamba ya aina hiyo kabla ya kwenda mwezini. Sijui kituo kingine katika njia hii kinachompa msafiri mengi kiasi hicho kwa kutembea saa chache tu.

Kusini zaidi, kanisa la Wieskirche, lililo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1983, limesimama peke yake malishoni na linastahili kituo kirefu. Neuschwanstein, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1869, huingiwa kwa tiketi yenye saa maalumu, na magari huachwa bondeni.

Kwa anayekodi gari, nashauri aizuie ramani ya gari isimpitishe kwenye barabara kuu ya A7, iliyo karibu na sehemu kubwa ya njia hii, na afuate vibao vya kahawia vya njia hii. Ahakikishe pia kabla ya kuondoka kwamba kwenye buti mna pembetatu ya tahadhari, sanduku la huduma ya kwanza na fulana ya kuakisi mwanga, kwani vyote vitatu ni lazima kisheria nchini Ujerumani.