Injini ya mtumba ya 3L, na muuzaji asiyetaka geji

Nianze na haki ya muuzaji: injini aliyoniuzia, 3L ya dizeli ya Toyota, inafanya kazi. Pikapu inapanda Mazeras na mzigo bila kulalama, na asubuhi inashika mara moja. Kwa hilo simdai mtu. Kilichonifanya niandike ni maneno niliyoambiwa mbele za watu katika yadi moja ya injini za Japani hapa Mombasa, nilipotoa geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyobana hewa: "Ami, kupimwa ni hospitali. Hapa tunauza injini."

Vijana wakacheka. Nami nikalipa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alichokikataa ni kazi ya nusu saa. Geji iwe ya dizeli. Ya petroli inaishia kilo 20 hivi (kilo kwa sentimita ya mraba) na utaiharibu siku hiyo hiyo. Injini ikiwa ndani ya gari, ipashe moto kwanza. Chomoa waya wa kuzimia ulio kwenye pampu ili isitie mafuta, fungua hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) zote nne, si moja, kisha funga adapta kwenye tundu la silinda ya kwanza na upige stata mpaka mshale usimame, kama pumzi 6 au 7. Betri iwe imejaa. Betri iliyochoka huisingizia injini ubovu. Rudia kwa zote, andika namba. 3L yenye afya inacheza kilo 28 hadi 32. Chini ya 20 imekwisha, na baina ya silinda ya juu na ya chini tofauti isizidi 5.

Injini ikiwa imelala yadini, stata haina pa kushika mpaka ifungwe nyumba ya klachi. Huo ndio udhuru alionipa baadaye, alipoona nimenuna. Na giaboksi zimerundikwa nyuma yake kama nazi za soko la Kongowea! Boliti chache, betri ya lori iliyokuwa pale pale, basi. Injini baridi husoma chini kidogo, lakini silinda moja ikianguka peke yake utaiona hata ikiwa baridi.

Sasa injini yangu ya zamani, niliyoitoa. Ilisoma 25, 24, 25, 17. Mafundi wa kusikiliza kwa sikio walishaihukumu: imekufa, toa. Ni kweli ilikuwa ikitoa moshi mweupe alfajiri na kutetemeka kama mwenye homa mpaka ipate joto. Lakini silinda moja haiuwi injini. Tia oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la silinda iliyoanguka, pima tena. Kijiko kimoja tu: chumba cha dizeli ni kidogo, oili haibanwi, na ukimimina kikombe utapinda konrodi. Namba ikipanda, ringi ndizo zinazovuja. Yangu ilibaki 17 vilevile, kwa hiyo mwanya ulikuwa juu. Zingekuwa mbili jirani zimeanguka pamoja ningeshuku gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini; hii ilikuwa moja ya mwisho, radieta haitoi mapovu, maji hayapungui. Hiyo ni vali isiyokaa vizuri kwenye kiti chake.

Tiba ya hapo huanza na tapeti, kile kinachosukuma vali. Kiti cha vali kikilika, nafasi ya tapeti hujifunga polepole mpaka vali inabaki wazi kidogo, na hakuna kelele ya kukuonya. Kelele hutoka nafasi ikizidi, si ikipungua. 3L hurekebishwa kwa shimu, visahani vyembamba vya chuma, kazi ya asubuhi moja. Ikishindikana, hedi inashuka, vali na viti vinasagwa, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: gasketi za hedi za familia hii ya L zina unene wa namna tatu, zimetiwa alama ya B, D na F, na unachagua kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Fundi anayenunua yoyote iliyopo dukani anakubadilishia kompresheni bila kujua, au pistoni inagonga.

Kama nilijua yote haya, mbona nikanunua injini nyingine? Hesabu. Hedi ikishuka unaweza kuikuta imepasuka, na hedi za L zikishachemka hupasuka sana. Hedi mpya nzuri si bei ya mchezo, na bandia zimejaa. Injini nzima niliambiwa laki moja na arobaini. Nikajiona mjanja.

Sasa jumlisha ambayo hayamo kwenye hiyo laki na arobaini. Injini ikiwa nje ni dhambi kuirudisha bila taiming belti mpya na tenshona yake, pampu ya maji, sili ya nyuma ya kranki, themostati, sahani ya klachi na beringi yake, na mauntini za mpira zilizokwisha. Sili ya nyuma ni kitu cha bei ndogo, lakini ikivuja baadaye giaboksi inashuka tena. Fundi, mnyororo wa kuinulia, oili mara mbili. Nusu ya bei ya injini ikapotea hapo. Halafu nikampa ya zamani kama sehemu ya malipo, kwa bei ya chuma chakavu. Ile iliyokuwa na silinda tatu nzima.

Ilipokaa ndani ya gari nikaipima mwenyewe, hakuna wa kunicheka. 27, 26, 16, 27.

Kumi na sita! Nimetoa injini yenye silinda moja mbovu, nimetia injini yenye silinda moja mbovu. Nilirudi na karatasi ya namba, sikupaza sauti. Akasoma risiti yake badala ya karatasi yangu: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Risiti yenyewe imeandikwa "injini 3L, moja", bila namba ya injini, na namba ndiyo inayotakiwa, kwa sababu logibuku inaonyesha namba ya injini na ikibadilika lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, waibadilishe. Nikamwomba aiandike. "Unataka kuniandikisha na ndoa?" Wallahi, mtu huyu hana soni.

Hapo nilikuwa tayari kumwambia kila mtu Mombasa asibadilishe injini kabisa, afe na yake. Lakini kijiko cha oili kikasema jingine: 16 ikapanda hadi 23. Ringi, basi, si vali. Na nilipoitazama kwa kamera ndogo, ukuta wa silinda ile ulikuwa na madoa ya kutu, zingine safi. Maelezo ni mepesi: injini inapovuliwa huwa imesimama na vali za baadhi ya silinda ziko wazi. Ikisafirishwa na manifoldi zisizozibwa, ikaja kukaa miezi kwenye hewa yetu ya chumvi, unyevu unaingia hapo hapo na ringi zinashika. Tambara mbili za kuziba matundu zingeizuia. Au mtu mmoja wa kuizungusha kranki kwa spana kila wiki.

Kutu nyepesi na ringi zilizoshika mara nyingi hujifungua. Oili nikamwaga kwenye kilomita 500, nikamwaga tena kwenye 1,500, na gari lifanye kazi kwa mzigo, si kubembelezwa mjini. Kuiacha ikae inanguruma bila kwenda popote hakusaidii, kunazidi kuglezi ukuta, kuufanya laini kama kioo. Sasa inasoma 22. Si nzuri, lakini imevuka mstari.

Kwa hiyo hukumu yangu imegeuka, na sipendi. Kubadilisha si kosa. Silinda zote nne zikiwa zimeshuka pamoja, mfuniko wa oili ukiuweka kinyume juu ya tundu lake injini ikinguruma unarukaruka, oili inapungua na kranki inagonga ukibeba mzigo, ya mtumba iliyopimwa inaishinda ovaholi ya hapa. Kubori, pistoni, ringi, beringi, halafu uombe Mungu vipuri visiwe bandia. Silinda moja tu ikiwa chini, usiguse injini. Fungua kifuniko cha tapeti kwanza.

Na yeyote atakayeweka injini nyingine bila kujua ya kwanza iliuliwa na nini, ataizika na hiyo. Huku kwetu jibu ni mawili. La kwanza ni maji ya kisima chenye chumvi kwenye radieta: yanakula radieta, pampu na mifereji, kutu inaziba, injini inachemka, hedi inapasuka. Tia kulanti na maji yaliyosafishwa. La pili ni themostati iliyotupwa na fundi "kwa sababu ya joto la Pwani". Injini inakimbia baridi, dizeli haiungui vizuri, inaosha oili ukutani, silinda zinalika. Ile yangu ya mtumba ilikuja bila themostati. Mtu aliitoa hapa hapa yadini, kwani mlango wake ulikuwa na silikoni mpya nyekundu, na silikoni nyingi hivyo ikikatika ndani inaziba mifereji ya maji. Niliufungua mlango huo kabla ya kuwasha. Vipande vitatu vilikuwamo.

Yadi yenyewe? Nisiidhulumu: mali ipo, na bei yake ni ya haki kuliko za jirani zake. Shemeji yangu ana Hiace ya 5L, silinda zote nne zimelala chini ya 19, huyo lazima abadilishe, na injini tuliyoiona nzuri iko kwa bwana huyu huyu. Tutaenda wiki hii. Nitabeba geji, adapta, betri yangu mwenyewe na spana za nyumba ya klachi, na kalamu ya namba ya injini. Akitaja hospitali, nitamwambia ashike taa.