Video inayokwama kwenye slaidi: uibane au uzime msaada wa kadi ya picha?
Video ikikatakata katikati ya wasilisho la PowerPoint, mimi huanza kwa kuibana, yaani kupunguza ukubwa wa faili lake. Faili la 4K (picha kali yenye nukta nyingi sana) huielemea kompyuta ya kawaida. Likishushwa hadi viwango vya chini vya 1080p au 720p, likiwa faili la video aina ya MP4 yenye H.264 (mbinu ya kubana picha) na sauti ya AAC (mbinu ya kubana sauti), mara nyingi hucheza bila kusita, hata ukilihamishia mashine nyingine. Hasara ni ubora: kwenye 480p maandishi madogo ndani ya video huanza kufifia, kwa hiyo tunza nakala ya awali, tafadhali.

Kuzima msaada wa kadi ya picha (kifaa cha kompyuta kinachochora picha kwenye skrini) ni kubadilisha mpangilio tu, na video haiguswi. Lakini husaidia hasa pale draiva ya kadi (programu inayoiendesha) inapokuwa na kasoro. Vinginevyo mzigo huiangukia prosesa (kichakataji kikuu cha kompyuta), na mkwamo unaweza kuzidi.