Lethi ya kwanza ya kukereza mabakuli: angalia namba hii kabla hujatoa hela

Haya wadau, karibuni tena. Leo nina mashine mbili hapa mezani na swali moja ambalo mmeniuliza mpaka basi: nataka kuanza kukereza mabakuli ya mbao, ninunue lethi gani, yaani ile mashine inayozungusha mbao huku wewe unaikata kwa patasi? Ngoja nisogeze kamera kidogo... hapo, mnaziona zote eeh.

Hii ndogo ya kushoto ndo niliyoanzia. Jina lake silitaji, maana mashine yenyewe haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Niliinunua kwa sababu karatasi yake iliandikwa inazunguka mpaka 3,200 kwa dakika, nikasema aaah mashine si ndo hii sasa, kumbe namba ya kuangalia ilikuwa ile ya mwanzo kwenye mstari huohuo, kasi ya chini kabisa, 750. Siku ya kwanza tu nikafunga kipande cha gogo kibichi, upana inchi 8, nimekikata kwa msumeno tu hakina hata mduara wa maana, nikawasha. Jamani, mashine ilianza kutembea! Iko juu ya benchi inakuja, mimi narudi nyuma, sikuthubutu hata kusogea kuizima, kilichoniokoa ni waya wa umeme ulikuwa mfupi ukachomoka ukutani.

Sasa sikilizeni kwanini. Gogo bichi huwa na upande mzito, kuna maji, kuna kifundo, kuna gome limebaki, halafu wewe hujalifanya duara bado, ndo kazi unayotaka kuianza. Ukiliwasha kwa 750 moja kwa moja ule uzito unavuta huku na huku mara 12 na zaidi kila sekunde. Na tuseme bakuli la inchi 10, kwa kasi hiyohiyo, ukingo wake unapita mbele ya uso wako kwa karibu kilomita 36 kwa saa. Hiyo ni mbao, mzee, imeshikwa katikati tu.

Kwahiyo mimi kwa mabakuli naangalia kasi ya chini kwanza, mengine yote baadae. Nataka ishuke angalau mpaka 250. Unaanza huko, unapandisha polepole, ikianza kutetemeka unarudi nyuma kidogo, unakata hapohapo mpaka gogo linyooke, ndo unaongeza. Likishakuwa duara kuna hesabu ya wakerezaji wengi: upana kwa inchi zidisha kasi, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi ni 600 mpaka 900. Umeona? Ile 3,200 ya kwenye karatasi ni ya kukerezea kalamu.

Hii ya kulia ni Jet 1221VS. Inashuka mpaka 60 na inapanda mpaka 3,600, mota ya hospawa moja. Kwa 60 sikerezi kitu, naitumia kupaka mafuta bakuli likishaisha, maana mafuta hayarukii shati. Ila kuna kitu wengi wanakosea hata kwenye mashine nzuri kama hii, ngoja nifungue hiki kimlango niwaonyeshe... huu mkanda una puli tatu. Puli hii inakupa 60 mpaka 900, ya katikati 110 mpaka 1,800, hii nyingine 220 mpaka 3,600. Mtu anauacha mkanda kwenye ya kasi, anashusha kwa kitufe mpaka 300, anaona sawa tu. Hapana! Mota inakosa nguvu, ukizamisha patasi kidogo inasimama, halafu unasema mashine mbovu. Legeza hiki, hamisha mkanda, kaza. Hata dakika haiishi.

Upana. Lethi ikiitwa ya inchi 12 maana yake kutoka ncha ya shafti (chuma kinachozungusha gogo) mpaka kwenye kitanda chake (chuma kirefu cha chini) kuna inchi 6, mara mbili. Gogo lako liwe inchi 10 hivi, usibanane. Urefu wa kitanda achana nao kabisa, huo ni wa wanaokereza miguu ya meza, bakuli halihitaji urefu.

Uzito: mashine nyepesi inatikisika, hakuna njia nyingine ya kusema. Ikiwa nyepesi ifunge kwa bolti kwenye benchi nzito, na chini ya benchi weka mifuko ya mchanga. Mimi nimeweka mitatu, imenisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua.

Kama unachukua iliyotumika, shika shafti kwa mkono, ivute na kuisukuma, ikicheza beringi zimeenda. Sogeza kichwa cha nyuma (kile kinachokandamiza gogo upande wa pili), ncha mbili zikutane... mnaona hapa zinavyobusiana? Zikipishana achana nayo. Halafu uliza uzi wa shafti. Unaotaka ni wa kawaida, inchi moja yenye nyuzi 8 kwa kila inchi, au M33 kwa 3.5. Ukichukua wenye uzi wa ajabu ajabu chaki yake utaitafuta mpaka uzeeke (chaki ya kubana mbao hii, yenye meno manne, sio ya ubaoni).

Na msimalize hela zote kwenye mashine, nawaomba. Chaki inataka hela, gauji ya bakuli (patasi yenye mfereji) inataka hela, moja tu ya nusu inchi inatosha kuanza, na kifaa cha kunolea ndo kinataka hela zaidi, maana gauji butu haikati, inachana, unabaki unapiga msasa mpaka mkono unakufa ganzi. Halafu ile gauji pana ya kunyooshea nguzo mnayoikuta kwenye seti za bei rahisi, USIIGUSISHE kwenye bakuli. Chuma chake pale kinapoingia kwenye mpini ni chembamba, nyuzi za mbao ya bakuli kila nusu mzunguko zinakugeukia kichwa, inanasa, inakatika pale. Ngao ya uso ivae kabla hujawasha, miwani peke yake haitoshi.

Kwahiyo ndogo mbaya? Si mbaya, vibakuli vya inchi 5 vya mbao kavu iliyokwisha kuzungushwa na msumeno inakereza vizuri tu, ninayo mpaka leo. Ila kama hela ni ya mashine moja, na unataka mabakuli, subiri miezi uongezee upate inayoshuka chini.

Haya, gogo liko tayari, nimeleta kichwa cha nyuma kukandamiza, nimelizungusha kwa mkono haligusi popote. Sogea pembeni usikae mbele yake. Mia mbili... mia mbili hamsini... mia tatu, mnasikia hapo benchi inavyolia? Narudisha mia mbili themanini. Hapohapo. Gauji iko wapi...