Modi ya usiku au miwani ya chungwa?

Kama usiku huwezi kuachana na simu na hutaki mwanga wake ukuharibie usingizi, chaguo ni modi ya usiku ama miwani ya vioo vya chungwa. Modi ya usiku ni bure, iko kwenye setingi tayari, iPhone wanayo tangu 2016, ukishaseti skrini inageuka ya njano yenyewe kila jioni na husumbuki tena. Shida yake inagusa skrini tu, ile taa nyeupe ya LED juu ya kichwa inaendelea kukumulika na jicho halibagui, mwanga wa bluu (urefu wa wimbi nanomita 480 hivi) ukiingia unachelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umefika.

Miwani inazuia bluu ya simu, tivii na taa kwa pamoja, ila jamani iwe ya chungwa kwelikweli, ile ya vioo vyeupe inazuia kidogo sana. Ivae uangalie kitu cha bluu, kikionekana cheusi cheusi basi hiyo ndiyo yenyewe. Mi nachukua miwani, japo inabana masikio. Na vyovyote utakavyochagua shusha mwangaza, maana skrini ya njano iliyowaka fulu bado inafukuza usingizi.